Picha za Skrini Zinazosomeka Hata kwenye Fotokopi

Atakayeutumia mwongozo wako hayuko pale ulipouandikia. Wewe ulikaa ofisini, skrini pana, rangi zote zinawaka. Yeye ni mtunza takwimu wa zahanati, ripoti ya mwezi inadaiwa, kompyuta iko mbele yake na mwongozo umelala kando ya kibodi: fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi, nyeusi na nyeupe, imepigwa stepla pembeni. Anatazama karatasi, anatazama skrini, anarudi kwenye karatasi. Anatafuta mambo mawili tu: nibonyeze wapi, na nikishabonyeza nitajuaje kuwa imekubali. Picha isiyojibu mojawapo ya hayo ni wino uliopotea bure.

Yote yanayofuata nimeyapanga kwa kumfikiria huyo. Mfano wangu utakuwa DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine nyingi. Nimeuchagua kwa sababu skrini zake zina kila kinachomsumbua mwandaaji wa mafunzo: mti mrefu wa vituo upande wa kushoto, orodha zinazofunguka ukizibofya, jedwali lenye visanduku vingi vinavyofanana, na rangi zenye maana. Kama wewe unaandaa mwongozo wa mfumo wa mishahara, wa SACCOS au wa mauzo ya duka, badilisha majina tu. Ugonjwa ni uleule.

Anza kwa kupunguza

Mwandaaji mgeni hupiga picha kila anapobofya. Mwongozo wa hatua kumi unatoka na picha ishirini na tano, na siku ya mafunzo inabidi uprintiwe nusu kwa kuwa fedha ya shajala haikutosha. Kabla hujagusa zana yoyote ya kuhariri, pitia orodha ya hatua zako na ujiulize mtu atapotelea wapi.

Picha inastahili pale skrini inapotokea kwa mara ya kwanza. Inastahili pale ambapo vitu vinavyofanana vimekaa jirani na mkono unaweza kuangukia kisicho chake. Inastahili pale ambapo ishara ya kufanikiwa ni ndogo na jicho linaweza kuipita. Na inastahili sana kwa ujumbe wa kosa ambao utamtisha mtu akiuona peke yake saa kumi jioni. Kubonyeza kitufe kikubwa kilichoandikwa jina lake hakuhitaji picha. Sentensi moja inatosha.

Chukua kazi ya kuingiza ripoti ya mwezi. Mtumiaji anachagua kituo kwenye mti, anachagua fomu, anachagua kipindi, anajaza visanduku, kisha anabofya "Complete". Hapo zinatosha picha tatu: moja ya chaguo zote tatu za mwanzo zikiwa na namba 1, 2 na 3, moja ya jedwali lenye kisanduku kilichokwisha kuhifadhiwa, moja ya kitufe cha mwisho, na hiyo ya mwisho naiweka kwa sababu moja tu, kwamba kwenye fomu ndefu kitufe hicho huenda kisionekane mpaka ushuke chini. Fomu ikiwa fupi, iache.

Hapo hapo kuna mtego mmoja unaostahili picha kuliko vyote, na mara nyingi haupewi. Kwa kawaida mwezi ambao haujaisha haumo kwenye orodha ya vipindi. Mshiriki anafungua orodha akitafuta mwezi huu, haoni, anaamua mfumo umeharibika. Picha ndogo ya orodha iliyofunguliwa, ikionyesha kuwa mwezi wa juu kabisa ni ule uliopita, itakuokolea simu nyingi.

Kazi inayofanyika kabla ya kupiga

Picha iliyopigwa vizuri haina mengi ya kuhaririwa. Fungua kivinjari kwa wasifu mpya, usio na alamisho zako, vichupo vyako wala picha ya uso wako pembeni. Zima arifa zote, kwa maana ujumbe wa nyumbani huwa na tabia ya kuchungulia kwenye kona ya skrini sekunde ileile unayonasa. Punguza upana wa dirisha mpaka nafasi tupu za katikati ziishe. Kisha kuza ukurasa kwa Ctrl na alama ya kujumlisha hadi asilimia 125 au 150, uache hapo, usiguse tena mpaka sura nzima iishe. Piga picha zote za sura moja kwa mkao mmoja, kwenye mashine moja. Picha tatu zilizopigwa kwa ukuzaji tofauti zinamfanya msomaji adhani ametoka kwenye mfumo mmoja na kuingia mwingine.

Kuhusu kunasa kwenyewe sina maneno mengi. Kwenye Windows, Alt pamoja na PrtScn hunasa dirisha unalolifanyia kazi. Kitufe cha Windows, Shift na S hukuruhusu kuchora eneo unalolitaka. Kwenye Mac ni Command, Shift na 4. Ukigusa kitufe cha nafasi baada ya hapo, unanasa dirisha zima na kivuli chake, na ukishikilia Option wakati wa kubofya, kivuli hakiji. Simu nyingi za Android hutumia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti. Menyu inayojifunga kila ukitaka kuinasa inashikwa kwa kuchelewesha: Snipping Tool ya Windows 11 inakupa sekunde 3, 5 au 10 za kuifungua menyu na kuiacha wazi. Firefox nayo ina kinasa picha chake cha ndani, kinachoweza kuchukua ukurasa mzima hata sehemu isiyoonekana kwenye skrini.

Linalohitaji kufikiriwa zaidi ni data. Usipige picha kwenye mfumo halisi wenye taarifa halisi, kwa imani kwamba utazifuta baadaye. DHIS2 ina mfumo wa majaribio ulio wazi kwenye intaneti, umejazwa takwimu za kubuni zilizowekwa juu ya vituo na wilaya za Sierra Leone. Wengi waliopitia mafunzo ya DHIS2 wanakijua kituo cha Ngelehun CHC kilichoko Bo bila kuwahi kufika huko. Ni njia salama, lakini ina gharama yake. Mtunza takwimu wa Korogwe akiona Bo na Bombali kwenye karatasi na Tanga kwenye skrini, anatumia dakika za mwanzo kujiuliza kama yuko mahali sahihi. Ukiweza, mwombe msimamizi wa mfumo akupe mfumo wa mafunzo wenye mti wa vituo wa kwenu, halafu uingize takwimu za kubuni zenye sura ya kweli. Zahanati haizalishi akina mama 999 kwa mwezi, na msomaji akiona hivyo anaacha kuiamini picha nzima.

Isipowezekana, kuna mlango wa nyuma ambao watu wengi hawaujui. Ukurasa ukiwa umefunguka kwenye kivinjari, bonyeza F12, nenda kwenye konsoli, andika document.designMode = "on" na ubonyeze Enter. Maandishi ya kawaida ya ukurasa ule sasa yanaharirika kama waraka: unafuta jina la kituo, unaandika "Zahanati ya Mfano", unapiga picha. Herufi ni zilezile, mstari umenyooka, hakuna alama ya kiraka. Mabadiliko yanaishi kwenye kivinjari chako tu, na ukiupakia ukurasa upya kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Ila usiguse visanduku vya takwimu kwa njia hiyo wala nyingine yoyote ukiwa kwenye mfumo halisi. DHIS2 huihifadhi namba pindi tu unapotoka kwenye kisanduku, na hapo utakuwa umebadilisha ripoti ya kituo cha watu kwa ajili ya picha.

Hesabu ya ukubwa

Hapa ndipo miongozo mingi inapoharibika, na ni hesabu ya shule ya msingi.

Kompyuta mpakato nyingi za ofisini zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Toa pambizo za sentimita 2.5 kila upande, zinabaki 16, yaani inchi 6.3. Ukiisukuma skrini nzima kwenye nafasi hiyo, kila inchi inabeba pikseli zipatazo 217. Herufi ya pikseli 13, ambayo ni ya kawaida kwenye mifumo hii, inachapwa kwa ukubwa wa pointi 4 na kidogo. Maandishi ya mwongozo wenyewe ni pointi 11 au 12. Ongeza mashine mbili za fotokopi juu ya hapo, na pointi 4 inageuka vumbi.

Sasa kata picha ibaki na upana wa pikseli 700. Herufi ileile inapanda hadi pointi 8 na ushei, ambayo jicho la kawaida linaisoma bila taabu. Na kama ulikuza ukurasa kwa asilimia 150 kabla ya kupiga, unaweza kubaki na pikseli 1000 na ukapata usomekaji huohuo, hata kuzidi kidogo. Kwa hiyo ukikuta picha haisomeki, dawa ni kukata au kupiga upya ukurasa ukiwa umekuzwa. Kuivuta picha kwa pembe zake ili iwe kubwa hakuongezi kitu. Unachanganya tu pikseli zilezile ziwe na ukungu.

Kukata nako kuna mipaka yake. Ukikata mpaka kikabaki kitufe peke yake, msomaji anajua kitufe kinafananaje lakini hajui kiko wapi. Acha alama ya kumwelekeza: kichwa cha dirisha, kona ya menyu, jina la kichupo. Mwanzoni mwa kila sura weka picha moja ya skrini nzima ambayo kazi yake ni kuonyesha jiografia tu, ikiwa na herufi A, B na C kwenye maeneo makubwa. Hiyo hata maandishi yake yasiposomeka haina neno. Kisha picha zinazofuata zikate vipande, na kwenye sentensi useme "kwenye eneo B". Vitu viwili vikiwa mbali, kimoja juu kabisa na kingine chini kabisa, toa kipande cha katikati na uache ukingo uliochanika uonekane ili mtu ajue kuna sehemu imerukwa. Greenshot na Snagit zina ukingo huo tayari. Greenshot ni ya bure, kama ilivyo ShareX kwa Windows na Flameshot kwa Linux, na kwa kazi ya mwongozo wa kawaida sijaona sababu ya kumlazimisha mtu anunue.

Tena, usimwachie Word aamue vipimo. Word hubana picha pana hadi ienee kwenye pambizo, na ndogo huiacha kama ilivyo, kwa hiyo kitufe kilekile kinaonekana kikubwa ukurasa wa nne na kidogo ukurasa wa tano. Chagua asilimia moja na uitumie kwa picha zote za sura. Ile ya pikseli 700 hukaa vizuri kwa 85. Kisanduku kidogo cha ujumbe kibaki kidogo hata kwenye karatasi. Mwishoni zungushia kila picha mstari mwembamba wa kijivu, kwa sababu mifumo mingi ya siku hizi ina mandhari meupe, na bila mstari huo picha inayeyuka ndani ya ukurasa na msomaji hajui maelezo yako yameishia wapi na skrini imeanzia wapi.

Alama: chache, nzito, na zisizotegemea rangi

Mwandaaji akishajua kuchora mshale, huchora mingi. Picha moja ibebe jambo moja. Kama ni lazima ibebe matatu, tumia namba ndani ya duara, na namba hizo zilingane na hatua za kwenye maandishi, siyo karibu kulingana. Mshale uanzie mahali peupe na uishie kwenye ukingo wa kitufe bila kukifunika. Usikatize juu ya maneno. Mraba uache nafasi ndogo kuzunguka kitu unachokionyesha. Maelezo marefu usiyaandike ndani ya picha. Siku utakapotaka kurekebisha tahajia au kupeleka mwongozo Kongo na kuugeuza Kifaransa, itabidi upige kila picha upya.

Weka alama baada ya kukata na baada ya kuamua ukubwa, usitangulize. Ukitangulia kuchora, mistari itakuwa minene kwenye picha hii na myembamba kwenye ile, na namba zitapishana ukubwa.

Rangi inataka maelezo marefu kidogo. Karibu kila mtu anachora mraba mwekundu. Kwenye skrini nyekundu inavutia. Kwenye fotokopi ni kijivu cha kati, sawa na vitufe na mistari ya jedwali iliyoizunguka. Isitoshe, wako watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani. Na kwenye mifumo mingi nyekundu tayari ina kazi yake: kosa. Mimi hutumia duara jeusi lenye namba nyeupe ndani na ukingo mweupe kwa nje. Halipendezi sana. Lakini linapita kwenye mashine zote likiwa vilevile, liwe juu ya mandhari meupe au meusi.

Shida kubwa zaidi ni rangi za mfumo wenyewe, ambazo wewe hukuzichagua. Kwenye fomu ya DHIS2, kisanduku kikishahifadhi namba kinageuka kijani. Hiyo ndiyo ishara anayoitafuta mtumiaji, kwa kuwa hakuna kitufe cha kuhifadhi. Kwenye fomu hiyohiyo, kisanduku kisichotakiwa kujazwa kina rangi ya kijivu. Piga picha, printi nyeusi na nyeupe, itoe fotokopi: kijani kimekuwa kijivu hafifu, na kijivu kimebaki kijivu. Karatasi sasa inamwonyesha mtu kwamba kisanduku kilichofanikiwa na kisanduku kilichofungwa ni kitu kimoja. Hakuna mshale utakaoliponya hilo. Dawa ni kuandika. Kando ya picha, nje ya mpaka wake, weka maneno mafupi: "kijani: imehifadhiwa" yenye mstari unaogusa kisanduku kimoja, na "kijivu: haijazwi" yenye mstari wake. Maneno hayo ni ya lazima, kwa sababu rangi ndiyo ujumbe na rangi haitafika.

Kama unataka jicho liende mahali pamoja bila kuongeza mistari, fifisha sehemu nyingine zote: chora kivuli cha kijivu chenye uwazi wa nusu juu ya skrini nzima na uache dirisha juu ya sehemu unayoitaka. Inapendeza kwenye PDF inayosomwa kwenye simu na kwenye projekta. Kwenye karatasi ni hasara: kivuli kinakula wino, na mashine iliyochoka inakigeuza kuwa bango jeusi. Ukijua mwongozo utaprintiwa, acha.

Jaribio lake ni rahisi. Printi ukurasa mmoja wenye picha ngumu kuliko zote, nenda nao dukani kwenye fotokopi, omba nakala, halafu omba nakala ya ile nakala. Ukiweza kusoma majina ya vitufe kwenye hiyo ya tatu, endelea na nyingine.

Kuficha kuwe kuficha

Kuna picha ambazo haziwezi kupigwa kwenye mfumo wa mafunzo, kwa mfano kosa linalotokea kwenye mfumo halisi tu. Hapo lazima ufiche: majina ya wagonjwa, namba za simu, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), barua pepe ya aliyeingia kwenye kona ya juu, na hata anwani iliyo kwenye upau wa kivinjari, ambayo mara nyingine hubeba namba ya rekodi ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ilitangulia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa zote mbili taarifa za afya zimo kwenye kundi nyeti. Mwongozo wa mafunzo husambaa kuliko waraka wowote wa ofisi, na ukishatoka huurudishi.

Njia mbaya ni nyingi, na zinapendwa. Ya kwanza ni kuchora mstatili mweusi ndani ya Word juu ya picha. Mstatili huo ni kitu tofauti. Yeyote mwenye faili anaubofya, anaufuta, na jina liko chini yake. Ya pili ni kukata ndani ya Word. Word huficha tu sehemu iliyokatwa na kuitunza ndani ya faili mpaka uende kwenye "Compress Pictures" na uweke tiki kwenye "Delete cropped areas of pictures". Ya tatu ni kupaka kwa kalamu ya kukolezea kwenye simu, iliyowekwa rangi nyeusi. Kalamu ile ina uwazi. Mtu akiongeza mwangaza wa picha, maandishi yanaibuka. Ya nne ni ile ya vimraba au ukungu, ambayo watu wanaiona kuwa ya kistaarabu. Mwaka 2022 kampuni ya usalama ya Bishop Fox ilitoa zana iitwayo Unredacter kuonyesha kwamba maandishi yaliyofunikwa kwa vimraba yanaweza kurudishwa, kwa kuwa vimraba vile vimekokotolewa kutoka kwenye herufi zenyewe.

Hata zana yenyewe inaweza kukuangusha. Machi 2023, Simon Aarons na David Buchanan walionyesha kwamba kihariri cha picha cha simu za Google Pixel kilikuwa kikiacha mabaki ya picha ya mwanzo ndani ya faili hata baada ya kuikata na kuihifadhi. Siku chache baadaye ikaonekana kwamba Snipping Tool ya Windows 11 nayo ilikuwa na kasoro ya namna hiyo, mtu anapohifadhi picha iliyokatwa juu ya faili lilelile. Zote zilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kutumwa kabla ya hapo hazikurekebishika.

Njia ya kufuata ni hii: funika kwa rangi moja iliyojaa, ndani ya kihariri cha picha, kisha hamisha matokeo kama faili jipya la PNG lenye jina jingine, na hilo ndilo uliingize kwenye mwongozo. Bora zaidi, badala ya kufunika, andika jina la kubuni juu ya nafasi iliyopakwa, ili msomaji aone skrini yenye sura ya kawaida badala ya ukurasa wenye viraka. Kwa namba ya simu ya mfano weka sifuri tupu. Usibuni 07 na tarakimu zinazokujia kichwani, kwa kuwa namba hiyo ina mwenyewe, na mshiriki mmoja ataipiga.

Maneno yanayoishika picha mkono

Maelekezo yatangulie, picha ifuate. Msomaji akiiona picha kwanza, anaanza kubofya. Mfumo ukiwa wa Kiingereza na mwongozo wa Kiswahili, jina la kitufe libaki kama lilivyo kwenye skrini, herufi kwa herufi, ndani ya alama za nukuu au kwa wino mzito, na kitendo kielezwe kwa Kiswahili: bofya "Run validation" ili mfumo ukague kama namba zako zinapingana. Ukiandika "bofya Kagua Uhalali", mtu atalitafuta neno Kagua kwenye skrini mpaka chai ipoe. Chini ya picha usiandike "Kielelezo 7: Skrini ya kuingiza data", hiyo anaiona. Andika anachotakiwa kukitazama: "Kisanduku cha juu kimeshakuwa kijani, cha chini bado."

Na kama PDF itasomwa na mtu asiyeona kwa kutumia programu ya kusoma skrini kama NVDA, jaza maelezo mbadala ya picha. Sentensi moja, ikisema hatua, siyo rangi za vitufe.

Faili, ujazo na matoleo

Hifadhi picha za skrini kwa PNG. JPEG ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Kwenye maandishi inaacha madoa kuzunguka herufi, na yanaongezeka kila unapohifadhi upya. Kwenye Word, nenda kwenye mipangilio ya juu na uweke tiki kwenye "Do not compress images in file", la sivyo itapunguza picha zako kimyakimya siku unayohifadhi. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ukituma kama picha, WhatsApp inazibana, na hesabu yote ya pointi uliyoifanya inakwenda na maji.

Kwa kila picha tunza faili tatu: asili isiyoguswa, faili la kihariri ambalo alama zake bado zinasogezeka, na PNG ya mwisho. Asili zenye taarifa za watu zikae mahali palipofungwa, au zifutwe mwongozo ukikamilika. Majina yawe na mpangilio, kwa mfano "03-kipindi-02-orodha", na jina la folda libebe toleo la mfumo. Matoleo mapya ya DHIS2 huja mara kwa mara, na msimamizi wa mfumo hatakupigia simu kukuambia amesasisha.

Kuna wanaokwepa kazi ya kupiga upya kwa kufanya picha kuwa kiolezo: maneno yasiyohusika wanayageuza kuwa vipande vya kijivu, vitufe vingine wanavirahisisha, kinabaki kitu kimoja tu chenye sura halisi. Picha kama hiyo inachelewa kuzeeka, na inafaa kwa kurasa za utangulizi au kwa watumiaji wazoefu. Kwa anayeanza siipendekezi. Yeye analinganisha karatasi na skrini mstari kwa mstari, na kipande cha kijivu mahali penye neno kinamwambia kuwa hajafika.

Mfumo ukisasishwa, usipige picha zote upya. Fungua mwongozo upande mmoja na mfumo upande mwingine, upitie hatua ukitazama mambo matatu tu: jina la kitufe limebadilika, kitufe kimehama, au ishara ya kufanikiwa imebadilika. Mabadiliko ya rangi ya kichwa au umbo la pembe za vitufe yanaweza kusubiri hadi uchapaji ujao. Anza na picha za kuingia kwenye mfumo na za menyu kuu. Mara nyingi hizo ndizo hubadilika kwanza, na ndizo mshiriki anazokutana nazo kabla hajakuzoea wewe wala mwongozo wako.